Pipa la kuotea moto lisilo na moshi: tathmini baada ya nyumba, mlima na pwani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiongoza klabu ya wanafunzi wa sekondari inayopiga kambi mara mbili kwa mwaka, na kwa miaka yote hiyo moto wetu wa jioni umekuwa ule wa mafiga matatu tuliorithi kwa mama zetu, ambao hula kuni nyingi, huwafukuza watu kwa moshi kila upepo unapogeuka, na asubuhi huacha doa jeusi ardhini ambalo mwenye eneo hulitazama bila kusema neno. Ndiyo maana niliposikia kwamba fundi bati mmoja jijini Tanga anatengeneza pipa la kuta mbili linalochoma moshi wake lenyewe, nilikwenda kuliangalia siku hiyohiyo, na nikarudi nyumbani nalo likiwa limefungwa nyuma ya bajaji. Jina la fundi sitalitaja, kwa sababu kosa nitakalolieleza nimeliona katika vibanda vingine pia, na mnunuzi yeyote atakutana nalo.

Kwanza nilieleze pipa lenyewe. Ni mapipa mawili ya bati, dogo ndani ya kubwa, yenye nafasi ya upana wa vidole viwili kati yake. La nje lina kipenyo cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 40, na limetobolewa matundu kuzunguka sehemu ya chini. La ndani lina matundu madogo yaliyopangwa duara karibu na mdomo, na chini yake kuna wavu wa nondo ambapo kuni hukaa. Mapipa hayo yameunganishwa juu kwa ukingo mmoja, na yote yanasimama juu ya miguu mitatu, jambo ambalo nililipenda tangu mwanzo, kwa maana figa moja haliinjiki chungu, na chombo cha miguu mitatu hakiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde. Bei ilikuwa shilingi 95,000.

Siri yote imo katika hewa. Moshi ni sehemu ya ukuni iliyogeuka mvuke na gesi kwa joto lakini ikaondoka kabla ya kuungua, kwa hiyo mtu anayetokwa na machozi kando ya moto wa mafiga anavuta kuni zake mwenyewe alizozilipia. Katika pipa hili hewa huingia kwa matundu ya chini ya ukuta wa nje, sehemu yake ikapanda kupitia wavu na kuchochea makaa, na sehemu nyingine ikapanda katikati ya kuta mbili huku ikipata joto, hadi ikatokea kwenye matundu ya juu ya pipa la ndani. Hapo hukutana na moshi unaotaka kutoka, nao hushika moto. Ukilitazama usiku utaona ndimi ndogo za moto zikichomoza kutoka kwenye kila tundu kuelekea katikati, mithili ya jiko la gesi, na hiyo ndiyo alama kwamba pipa linafanya kazi yake. Kabla ya hapo, yaani kwa dakika kumi hadi kumi na tano za mwanzo wakati bati bado ni baridi, linatoa moshi kama moto mwingine wowote, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia maneno.

Pipa la kwanza niliwasha nyumbani, uani, nikiwa peke yangu, na ninamshauri kila mnunuzi afanye hivyo kabla ya kulipeleka mbele za watu. Moto ulipokolea, mahali pa moshi wa kuni palipanda harufu kali ya chuma, na ukuta wa ndani ukaanza kubadilika rangi na kuacha unga mweupe uliokaribia rangi ya manjano ukiwa na moto. Nikazima, nikasogea upande upepo unakotoka, na kesho yake nikarudi kwa fundi. Pipa zima lilikuwa limetengenezwa kwa bati la kuezekea nyumba, lile linalong'aa kwa sababu limepakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 za Selsiasi, na makaa yanayopulizwa na hewa vizuri huvuka kiwango hicho kwa mbali. Joto likizidi zaidi zinki hugeuka mafusho ambayo mtu akiyavuta anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye. Mafundi wa kuchomelea wanaijua homa hiyo vizuri, ndiyo maana wengine hunywa maziwa kabla ya kuchomelea mabomba ya zinki, ingawa maziwa hayawezi kuzuia mafusho yasiingie mapafuni.

Fundi hakuwa na ubishi wa ubaya. Alinitazama kwa mshangao wa dhati, akasema, “Mwalimu, mimi nimekuchagulia bati zuri, hili halipigi kutu.” Na kweli kwa ndoo, kwa mfereji wa paa na kwa debe la nafaka, ushauri wake ungekuwa sahihi kabisa. Tuliafikiana kwamba atengeneze lingine kwa bati jeusi lisilopakwa kitu, lenye unene wa milimita mbili, nami nikaongeza shilingi 40,000. Hilo la pili ndilo ninalolifanyia tathmini katika maelezo yanayofuata, kwa kuwa ndilo tulilolipeleka kambini. Lina kasoro zake, lakini hakuna kati ya hizo inayotia sumu hewani.

Safari ya kwanza ilikuwa Lushoto, mwezi Juni, wakati baridi ya Usambara inapomfanya hata mtoto wa huko avae sweta mbili. Mwenyeji wetu alitupa kuni za aina mbili: za miwati zilizokatwa na kupasuliwa tangu mwaka uliotangulia, na za msindano zilizokatwa majuma machache tu yaliyopita. Tulizichoma kwa zamu kwa siku mbili, na tofauti iliyoonekana ilikuwa kubwa kuliko tofauti kati ya pipa na mafiga. Kuni za miwati ziliwaka kwa mwali mweupe, zikaacha makaa mazito, na moshi ulitoweka kabisa baada ya robo saa. Zile za msindano zilitoa povu na maji kwenye ncha, zikalia kama mafuta kwenye kikaango, na zikaupaka ukuta wa ndani masizi yanayonata ambayo baadaye tuliyakwangua kwa mchanga. Ukuni uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji hadi kufikia nusu ya uzito wake, na moto hulazimika kuyachemsha maji hayo yote kabla ya kumpasha mtu joto. Ukuni unaofaa ni ule uliobaki na maji yasiyozidi sehemu moja ya tano. Kipimo chetu hakikuwa na mashine yoyote: ukigonga mapande mawili yakatoa mlio mkavu, ncha zake zikawa na nyufa, na gamba likabanduka kwa kucha, basi kuni zimekauka. Zikitoa kishindo kizito kama cha kugonga udongo, ziache jikoni kwa mwenyeji zikauke.

Hivyo mtu anayetaka kununua pipa hili ili aweze kuchoma kuni mbichi asijisumbue, kwa sababu pipa halikaushi kuni. Linachofanya ni kumzidishia faida mtu aliyekwisha kuzikausha, na faida yenyewe tuliiona: mzigo mmoja wa miwati uliotumalizia jioni moja kwenye mafiga ulitutosha jioni mbili ndani ya pipa, watu wakiwa walewale na baridi ikiwa ileile.

Namna ya kupanga kuni pia ni tofauti, na hapa nilikosea kwanza mimi mwenyewe. Nilizoea kuanza na vijiti chini, kisha ninaongeza kuni kubwa juu yake, na matokeo yake ni kwamba kuni baridi za juu zilifukiza moshi uliopita kando ya mwali bila kuguswa. Jioni ya pili tuligeuza. Tulilaza mapande yenye unene wa kifundo cha mkono juu ya wavu, yakiwa na nafasi ya kidole kati yake, tukapandisha safu ya kuni za unene wa gumba kwa kukingamisha, halafu vijiti vya unene wa penseli, na juu kabisa tukaweka fungu la nyuzi za makumbi tulizobeba kutoka pwani. Tuliwasha juu. Moto ulishuka wenyewe taratibu, na moshi wa kila safu ulilazimika kupita ndani ya mwali uliokuwa juu yake. Kiberiti kimoja kilitosha, na hapakuwa na haja ya mtu kuinama kupuliza. Sharti lililobaki ni moja: kuni zisipite usawa wa matundu ya juu, kwa sababu zikiyaziba au kuyazidi, ile hewa ya moto haina moshi wa kukutana nao, na pipa la shilingi 135,000 hugeuka kuwa pipa la taka linaloungua.

Makumbi ya nazi ninayasifu kwa makusudi, kwani nimeona viongozi wa makundi wakiwashia petroli. Mvuke wa petroli hutambaa chini na kujaa ndani ya chombo kama hiki, na anayekaribisha kiberiti mdomoni mwa pipa hukutana na mlipuko usoni. Nyuzi za makumbi zilizochambuliwa, au kifuu kimoja kilichovunjwa vipande, hufanya kazi hiyo bila kuhatarisha nyusi za mtu.

Kasoro ya kwanza ya pipa la pili tuliigundua asubuhi ya Lushoto. Miguu yake ni mifupi mno, sentimita tano tu, na makaa yanayodondoka kwenye wavu hukaa juu ya sahani ya chini iliyo karibu sana na ardhi. Tulipoliinua tulikuta nyasi zimeungua kwa duara kamili, na pembeni mwa duara hilo, chini ya zulia la sindano kavu za msindano, kulikuwa na moshi mwembamba uliokuwa ukitambaa kimyakimya. Sindano hizo na mizizi mikavu huweza kufuka chini kwa saa nyingi bila kuonyesha mwali, kisha zikashika moto upepo ukija wakati watu wamekwisha kuondoka. Tulikuwa si mbali na mashamba ya misindano ya Shume, na sikuwa na hamu ya kuwa mwalimu aliyeyachoma. Tangu siku hiyo tunafyeka na kukwangua hadi udongo mtupu kwa duara la hatua tatu, tunapanga matofali manne ya kuchoma, na pipa linakaa juu yake. Mawe ya mtoni hatuyatumii, hata kama yapo tele na yanapendeza, kwa kuwa maji yaliyojificha ndani yake yakichemka huyapasua kwa kishindo na kurusha vipande. Ninamdai fundi miguu ya sentimita ishirini, naye amekubali kwamba nondo ya ziada haitamfilisi.

Kasoro ya pili wanafunzi waliisema kabla yangu: miguu ya watu inabaki na baridi. Moto wa mafiga huangaza joto pande zote, lakini pipa hili hulisukuma juu, kwa hiyo uso unawaka huku vidole vya miguu vikiuliza moto uko wapi. Kwa kupikia hilo ni jambo jema, na sufuria ya maharage iliyowekwa juu ya vyuma viwili vilivyokingamana iliiva upesi kuliko tulivyotarajia. Kwa kuota moto, mtu mzima mwenye maumivu ya magoti hatalifurahia, na mzee mmoja aliyekuja kututembelea alikaa kidogo, akatusifu kwa adabu, kisha akarudi kwenye mafiga ya jikoni kwake.

Usiku mmoja hapo Lushoto palitokea jambo ninalolieleza kwa kuwa pipa lenyewe lilichangia. Kwa sababu halitoi moshi, wanafunzi wawili walidhani makaa yake hayana madhara, nao wakaanza kuyachota kwenye karai ili wayaingize hemani wapate joto la kulalia. Niliwakuta mlangoni. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa kwa wingi gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na katika hema lililofungwa inaweza kumuua mtu akiwa usingizini bila kumpa nafasi ya kukohoa. Kama ningekuwa mtengenezaji ningeandika onyo hilo kwa rangi ubavuni mwa pipa, herufi kubwa.

Safari ya pili tulikwenda Ushongo, kusini ya Pangani, mwezi Agosti, wakati kusi bado inavuma kwa nguvu. Pwani ina kuni zake zinazosifika: mivinje, ambayo ikikauka huwaka kwa joto kali na makaa ya kudumu, na vifuu, ambavyo ndani ya pipa hili viliwaka kwa mwali mrefu uliotufanya sote turudi nyuma. Zipo pia kuni za kuepuka. Mikoko inalindwa kisheria, na anayeiokota mizigomizigo atajieleza kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu. Magogo yaliyoletwa na bahari yana chumvi, ambayo hula chuma cha pipa na kuufanya moshi uwe na kemikali za klorini zisizofaa kuvutwa. Mnyaa wa uzio, ambao utomvu wake unaweza kuharibu macho, usichomwe kabisa hata ukiwa umekauka. Na mbao za mitumbwi iliyopakwa rangi au nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa tuliziacha palepale ufukweni, maana baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo moto hauiondoi, inabaki katika majivu.

Tatizo la Ushongo lilikuwa cheche. Pipa halina kifuniko, na upepo uliopiga mdomo wake uliinua cheche na kuzipeleka moja kwa moja upande wa banda la makuti. Tulizima mara moja, tukalihamisha pipa hadi upande wa pili wa banda, kule upepo unakoelekea, hatua thelathini kutoka kwenye makuti na hatua kumi kutoka kwenye hema la karibu, kisha tukasubiri upepo upungue baada ya magharibi. Waliofuatilia moto wa Kilimanjaro ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, katika njia ya Marangu kati ya vituo vya Mandara na Horombo, wanakumbuka kwamba maelezo ya awali ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, yaliutaja moto mdogo wa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Baada ya hapo ziliungua kilomita za mraba zaidi ya tisini za vichaka vya mlimani. Upepo ukiwa na nguvu ya kupeperusha kanga kwenye kamba, pipa letu sasa haliwashwi. Fundi anauza kifuniko cha wavu kwa shilingi 15,000, lakini wavu wenyewe ni ule wa banda la kuku, wenye matundu ambayo cheche inapita bila kuinama, kwa hiyo nilimrudishia na kumwagiza wavu wa chekecheke la kokoto ndogo.

Kuzima nako kunahitaji mafunzo mapya. Ukimwaga ndoo nzima ndani ya pipa lenye moto, mvuke unaoruka unaunguza mikono na bati lililo moto hupinda. La kwetu lina wimbi dogo ukutani kutokana na haraka ya mwanafunzi mmoja. Tunaacha kuongeza kuni saa moja kabla ya kulala, tunatawanya makaa kwa kijiti, tunanyunyiza maji kidogo kidogo kutoka kwenye ndoo ya lita 20 ambayo haiondoki kando ya moto jioni nzima, tunakoroga, na tunarudia hadi mgongo wa mkono ukikaribishwa usihisi joto. Ufukweni watu wengi hufukia makaa kwa mchanga, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwa sababu mchanga huyahifadhi makaa yakiwa na moto kwa saa nyingi bila dalili yoyote juu, na mtoto anayekimbilia maji alfajiri huyakanyaga.

Baada ya kuzima ndipo utakapoiona kasoro ya tatu: hakuna droo ya majivu. Ni lazima pipa lote, lenye uzito wa kilo 18 hivi, lipinduliwe, na majivu yenye unyevu yaliyojificha kati ya kuta mbili hayatoki yote. Yakikaa humo hula chuma. Baada ya Ushongo kutu ilionekana kwenye mshono wa chini ndani ya siku chache, nami ninaipunguza kwa kulikausha pipa kwa moto mdogo wa vijiti na kulipaka mafuta ya kula yaliyokwisha kutumika. Sitarajii lidumu zaidi ya misimu minne.

Kwa anayeuliza kama anunue: mwenye gari, kuni kavu, na kundi la watu wanane hadi kumi na wawili wanaopika na kukaa pamoja atapata thamani ya fedha yake, mradi aagize bati jeusi na asimame palepale linapokatwa. Anayebeba mzigo wake mgongoni, au anayetaka joto la miguu tu, mafiga yaliyowekwa juu ya udongo mtupu yanamtosha, na fedha hiyo inanunua mablanketi. Bati la zinki usilikubali hata fundi akikupunguzia bei nusu, na akikuambia kwamba litaungua mara moja kisha liwe salama, mwachie alichomee kwake.

Lile pipa la kwanza fundi alikataa kulichukua, akisema limekwisha kutumika, na kwa hilo alikuwa na haki yake. Lipo ukumbini kwangu, limejaa kuni za mivinje zilizopasuliwa na kufunikwa sinia, na kama alivyoniahidi, mvua zote za vuli zimepita bila kuonekana hata doa moja la kutu.